Kimpa Vita: Nabii wa Mbanza Kongo Mbele ya Mahakama ya Mfalme

Tarehe 2 Julai mwaka wa 1706, katika makao ya muda ya mfalme wa Kongo palipoitwa Evululu, mwanamke wa umri wa takriban miaka 22 aliletwa mbele ya umati akiwa amempakata mtoto mchanga. Kando yake alisimamishwa mwanamume aliyekuwa baba wa mtoto huyo. Mwamuzi wa mfalme, kengele mkononi, alianza kwa hotuba ndefu ya kumsifu bwana wake na uadilifu wake, kisha akaitamka hukumu. Mwanamke huyo alikuwa amewahadaa watu kwa kujiita Mtakatifu Antoni na kwa kueneza uzushi. Kwa hiyo yeye na mwenziwe wangechomwa moto.

Mwanamke huyo aliitwa Kimpa Vita. Jina lake la ubatizo lilikuwa Beatriz, nao wakuu wa Kongo walizoea kutanguliza majina kama hayo kwa neno la heshima la Kireno, hivyo katika vitabu vya historia anajulikana pia kama Dona Beatriz. Kwa muda usiotimia miaka miwili alikuwa ameutikisa ufalme mkongwe, amewahamisha maelfu ya watu kutoka vijijini mwao hadi katika magofu ya mji mkuu uliosahauliwa, na amewafanya makuhani wa kigeni watetemeke kwa hasira. Hakuwa na jeshi wala mali, na hakuna maandishi aliyoyaacha kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuyasimulia maisha yake. Karibu yote yanayojulikana kumhusu yaliandikwa na mapadri wawili wa shirika la Wakapuchini kutoka Italia, Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca, ambao ndio waliotaka anyamazishwe. Msimulizi wa kisa hiki hulazimika kumsikia mshtakiwa kupitia kinywa cha mshtaki. Hata hivyo, Waswahili wamenena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Taarifa za mapadri hao, licha ya chuki iliyomo, zimehifadhi mambo mengi ambayo huenda wao wenyewe hawakutambua uzito wake.

Ufalme Uliovunjika

Ikumbukwe kwamba Ukristo haukuwa jambo geni nchini Kongo wakati wa kuzaliwa kwa Kimpa Vita. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka wa 1491 na kuitwa João wa Kwanza. Mwanawe, Mvemba a Nzinga, aliyetawala kwa jina la Afonso wa Kwanza hadi miaka ya mwanzo ya 1540, aliifanya dini hiyo kuwa ya dola, akajenga makanisa na shule, na kuwapeleka vijana wa Kikongo kusoma Ureno. Mji mkuu wa Mbanza Kongo ulipewa jina la pili la São Salvador, na mwaka wa 1596 ukafanywa makao ya askofu. Kwa hiyo, Kimpa Vita alizaliwa katika jamii ambayo ilikuwa imeukumbatia Ukristo kwa karibu miaka 200 na kuufikiri kwa lugha yake yenyewe.

Suala la lugha lina umuhimu wa pekee hapa. Katika Kikongo, padri aliitwa nganga, neno lilo na asili moja na mganga wa Kiswahili. Kitu kitakatifu kiliitwa nkisi, neno lilelile lililotumiwa kwa vifaa vya tiba na kinga vya jadi. Kanisa likawa nyumba ya nkisi, nacho kitabu kitakatifu kikawa waraka wa nkisi. Kwa Wakongo wengi, dini ya wazee na dini ya msalaba zilizungumza msamiati mmoja. Mmisionari aliyetoka Italia akidhani kwamba kati ya imani hizo mbili pana ukuta, alikuta pana mlango uliokuwa wazi siku nyingi.

Ufalme huo ulipata pigo kubwa tarehe 29 Oktoba 1665 katika vita vya Mbwila. Mfalme António wa Kwanza aliuawa na majeshi ya Wareno wa Angola na washirika wao, na pamoja naye waliangamia wakuu wengi. Koo za kifalme za Kimpanzu na Kinlaza ziligeukiana kugombea kiti. Mwaka wa 1678 Mbanza Kongo ilishambuliwa na kuteketezwa. Wakazi wakakimbia, na vichaka vikaota katika kuta za kanisa kuu. Kuanzia hapo kila mdai wa ufalme alijikalia katika ngome yake: mmoja huku Bula, mwingine kule Nkondo, na mwingine juu ya mlima Kibangu.

Vita hivyo vilikuwa na mnunuzi. Kila aliyetekwa angeweza kuuzwa kwa wafanyabiashara, akapelekwa katika bandari za Luanda, Cabinda au Loango, na kutoka huko akavushwa bahari ya Atlantiki asirudi tena. Kadiri wakuu walivyopigana, ndivyo majahazi ya watumwa yalivyojaa. Mwanakijiji wa Kongo wa mwishoni mwa karne ya 17 alilala akijua kwamba kesho anaweza kuamkia minyororoni, si kwa kosa lolote alilotenda, bali kwa sababu mabwana wawili wameshindwa kuelewana. Hapa Kiswahili kina methali iliyozoeleka kuhusu fahali wawili na nyasi zinazoumia.

Binti wa Kibangu

Kimpa Vita alizaliwa mnamo mwaka wa 1684 karibu na mlima Kibangu, katika familia ya tabaka la wakuu ingawa haikuwa na utajiri mkubwa. Alibatizwa kama watoto wengi wa nchi yake. Tangu utotoni alisemekana kuwa na kipawa cha kuona yasiyoonekana. Katika maono yake ya awali aliwaona watoto wawili weupe wakicheza naye, nao walikuwa na rozari.

Kipawa hicho kilimfungulia njia ya uganga. Alipitia mafunzo ya chama cha siri cha kimpasi, ambamo mwanagenzi hufanywa kana kwamba amekufa na kisha kufufuliwa katika hali mpya. Akawa nganga marinda, mtaalamu wa kutatua matatizo ya watu na ya jamii kwa kuwasiliana na ulimwengu mwingine. Baadaye aliiacha kazi hiyo, akiona kwamba imekaribiana mno na uchawi. Aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili hazikudumu.

Mambo haya mawili, yaani kipawa na kukiacha kwake, hayana budi kuzingatiwa pamoja. Wapo wanaomchora Kimpa Vita kama mtetezi wa mila dhidi ya dini ya kigeni. Maisha yake hayakubali mgawanyo huo mwepesi. Alizijua mila kwa ndani, akazihoji. Aliujua Ukristo kwa ndani, akauhoji pia.

Wakati huo, kule Kibangu alikuwapo Mfalme Pedro wa Nne, mtu aliyekuwa na nasaba ya koo zote mbili zilizogombana. Alitaka kuuhuisha mji mkuu, lakini alisitasita. Alituma vikundi vya walowezi chini ya wakuu wake wawili, Manuel da Cruz Barbosa na Pedro Constantinho da Silva aliyejulikana zaidi kwa jina la Kibenga, wakalime na kujenga karibu na Mbanza Kongo, huku yeye mwenyewe akibaki mlimani. Wananchi, waliochoshwa na vita, walianza kunung'unika.

Manung'uniko hayo yalipata sauti. Mwanamke mzee, Apollonia Mafuta, alitangaza kwamba ametokewa na Bikira Maria na kwamba Mungu atawaadhibu Wakongo endapo mfalme hatateremka mlimani na kurudi katika mji mkuu. Alionyesha jiwe alilolitoa mtoni, akisema ni kichwa cha Kristo kilichoharibiwa kwa maovu ya watu. Padri Bernardo da Gallo alitaka Mafuta akamatwe; mfalme hakumkabidhi. Malkia Hipólita mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioyaamini maneno ya mzee huyo. Mafuta alitengeneza njia. Aliyepita juu yake alikuwa binti wa miaka 20.

Kufa na Kufufuka

Mnamo Agosti mwaka wa 1704, Kimpa Vita aliugua sana. Alisimulia baadaye kwamba, akiwa mahututi, alimwona mtu aliyevaa joho la bluu la Wakapuchini, ambaye alijitambulisha kuwa Mtakatifu Antoni aliyetumwa na Mungu. Mtakatifu huyo alikuwa amejaribu kuhubiri kupitia watu wengine katika sehemu nyingine za nchi, asifaulu. Kisha Kimpa Vita akafa, na Antoni akamwingia kichwani. Alipofufuka hakuwa tena Beatriz peke yake. Alikuwa Antoni ndani ya mwili wa Beatriz. Aligawa vitu vyake vyote kama afanyavyo mtawa, akawaaga wazazi wake, akaelekea Kibangu.

Uteuzi wa mtakatifu huyo haukuwa wa kubahatisha. Antoni, mzaliwa wa Lisbon aliyefariki mwaka wa 1231, alikuwa kipenzi cha Wareno, na Wakongo walikuwa wamempenda vilevile. Kumtwaa Antoni kulikuwa sawa na kuuchukua ufunguo wa nyumba kutoka mfukoni mwa mwenye nyumba.

Huko Kibangu Kimpa Vita alimkabili mfalme na kumlaumu kwa woga wake wa kuteremka. Alimlaumu pia padri Bernardo, akidai kwamba ana wivu na hataki Kongo iwe na watakatifu wake. Padri alimwita ili amhoji. Katika mahojiano hayo alimuuliza iwapo kuna Wakongo weusi mbinguni. Jibu alilolinakili padri mwenyewe lilikuwa kwamba wamo watoto waliobatizwa na watu wazima walioishika sheria ya Mungu, ila huko hawana rangi nyeusi wala nyeupe, kwa kuwa mbinguni hakuna rangi. Padri alimwona mwenda wazimu au mtu aliyeingiwa na shetani. Karne tatu baadaye, ni vigumu kulisoma jibu hilo bila kujiuliza ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa karibu zaidi na Injili.

Mfalme hakumkamata, wala hakumtii. Kimpa Vita akaondoka Kibangu kwenda Bula kwa mpinzani wa Pedro, João wa Pili. Huko alifukuzwa. Ndipo alipoamua kwamba ikiwa wafalme hawataki kurudi Mbanza Kongo, atarudi yeye.

Mafundisho ya Magofuni

Kuelekea mwisho wa mwaka wa 1704, Kimpa Vita aliingia katika magofu ya mji mkuu na kufanya makao katika kanisa kuu lililokuwa limebomoka paa. Watu walimfuata kwa maelfu. Walikuja wagonjwa, wagumba waliotafuta watoto, wakimbizi wa vita, na makabaila waliotaka kujua upepo unavuma wapi. Mji uliokuwa pori kwa zaidi ya miaka 20 ukajaa moshi wa majiko. Kazi ambayo Pedro aliipanga kwa miaka mingi, mwanamke huyo aliifanya kwa miezi michache.

Mafundisho yake yalikuwa na nguvu ya kipekee kwa kuwa yaliileta historia ya wokovu nyumbani. Alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, ambayo ndiyo Bethlehemu, na alibatizwa Nsundi, ambako ndiko Nazareti. Bikira Maria alikuwa mzaliwa wa mtumwa wa kabaila Nzimba Mpangi. Mtakatifu Fransisko, mwanzilishi wa shirika ambalo Wakapuchini wenyewe walitokana nalo, alikuwa wa ukoo wa Vunda. Aidha, alieleza kwamba weupe na weusi wana asili tofauti: Wazungu walitoka katika jiwe laini, nao weusi walitoka katika mti wa nsanda, ambao magome yake yalitumiwa kutengenezea nguo. Wafuasi wake wakajivika nguo na mataji ya magome hayo.

Kwa padri wa Kiitalia, hayo yalikuwa upuuzi na matusi. Lakini ikumbukwe kwamba Wareno na Waitalia walikuwa wamezoea kumchora Yesu na mama yake kama wenyeji wa Lisbon au Roma. Kosa la Kimpa Vita halikuwa kumhamisha Yesu kutoka Palestina, kwani wachoraji wa Ulaya walikuwa wamekwisha kumhamisha kitambo. Kosa lake lilikuwa kumpeleka Afrika, na kumpa mama aliyezaliwa utumwani wakati ambapo mabinti wa watumwa walikuwa wakiuzwa kwa nguo na bunduki.

Hatari zaidi kwa makuhani ilikuwa fundisho lake kuhusu nia. Aliitwaa sala ya Salamu Malkia, iliyofundishwa katika katekisimu, na kuigeuza kuwa sala mpya iliyomtukuza Mtakatifu Antoni. Kiini chake ni kwamba Mungu huangalia nia ya moyo. Ubatizo, ndoa, kitubio na matendo mema havina faida vyenyewe. Mungu huitaka nia. Fundisho hilo liliafikiana na fikra za Kikongo kuhusu nguvu zisizoonekana: tofauti kati ya mponyaji na mchawi haimo katika dawa, bali katika kusudi la anayeitumia. Ila mantiki yake ilipofuatwa hadi mwisho, padri hakuwa na kazi. Iwapo sakramenti si lazima, basi mwenye kuzitoa naye si lazima.

Kimpa Vita hakuishia hapo. Aliamuru hirizi na vifaa vya uganga vichomwe, na misalaba ichomwe pamoja navyo, kwa kuwa ilikuwa imegeuzwa kuwa hirizi kama nyingine. Alituma wajumbe walioitwa Antoni Wadogo wakahubiri majimboni. Sanamu ndogo za Mtakatifu Antoni zikawa alama ya wafuasi wake. Ilisemekana kwamba kila Ijumaa alikufa, akaenda kula na Mungu na kuwaombea Wakongo, kisha akarudi duniani siku chache baadaye. Ujumbe mkuu ulikuwa mmoja: wafalme waache vita, warudi katika mji mmoja, chini ya mfalme mmoja.

Hapo ndipo dini ilipogongana na siasa. Kibenga, yule mkuu aliyetumwa na Mfalme Pedro, aliona kwamba umati huu ni ngazi. Alijiunga na Kimpa Vita na kumwasi bwana wake. Kuanzia siku hiyo, kila aliyemsikiliza nabii alihesabiwa na mfalme kuwa adui. Kimpa Vita alihubiri kuleta pamoja kilichovunjika, lakini mahubiri yake yakawa silaha mkononi mwa mmoja wa wavunjaji. Hakuna dalili kwamba alilitaka hilo. Hakuna dalili pia kwamba alikuwa na uwezo wa kulizuia.

Kilio cha Mtoto

Aliyeanguka mikononi mwa adui zake hakuangushwa na hoja wala na jeshi, bali na mwili wake. Kimpa Vita alikuwa na mwandani, João Barro, aliyeitwa Mtakatifu Yohane miongoni mwa wafuasi. Walipendana. Kwa mtu aliyedai kwamba ndani yake mnaishi mtakatifu mtawa, mapenzi hayo yalikuwa siri nzito. Mimba za awali zilitolewa kwa dawa. Mimba nyingine ilikataa. Kimpa Vita aliondoka Mbanza Kongo kwa siri, akiwaachia wafuasi wake dhana kwamba amekwenda mbinguni, akarudi katika nchi ya wazazi wake ili ajifungue. Mtoto wa kiume alizaliwa, akaitwa António.

Watu wa mfalme waliokuwa wakipita karibu na maficho yao walimsikia mtoto akilia. Walipofuata sauti hiyo walimkuta nabii wa Mbanza Kongo akimnyonyesha mwanawe. Walikamatwa wote watatu na kupelekwa Evululu.

Mapadri Bernardo na Lorenzo walimhoji kifungoni. Kulingana na taarifa zao, alikiri kwamba amekosa, na kosa lililomwelemea zaidi lilikuwa kuvunja usafi aliopaswa kuulinda. Kukiri huko hakuna budi kupimwa kwa uangalifu. Aliyeandika ni mwamini wa hatia yake. Aliyeandikwa ni mfungwa mwenye mtoto wa siku chache. Hata hivyo, si lazima kudhani kwamba maneno hayo yalibuniwa. Inawezekana kabisa kwamba Kimpa Vita alijihukumu kwa kipimo chake mwenyewe. Aliyefundisha kwamba Mungu huitazama nia, alikuwa ameificha nia yake kwa watu waliomwamini. Uzushi walioushtaki makuhani na hatia aliyoihisi yeye havikuwa jambo moja, ingawa vilipelekwa mahakamani kwa jina moja.

Ni vyema ieleweke pia kwamba hukumu yenyewe haikutolewa na askofu wa Luanda wala na mahakama ya Kanisa ya Lisbon. Ilitolewa na mamlaka ya mfalme kwa sheria ya Kongo. Mapadri walichochea na kushinikiza. Mfalme alikuwa na sababu zake. Kumhukumu Beatriz kwa uzushi kulikuwa kumnyang'anya Kibenga mtakatifu wake. Shitaka lilisomwa kwa lugha ya dini, lakini mizani ilishikwa kwa mkono wa siasa.

Hukumu ya awali ilimjumuisha hata mtoto. Padri Lorenzo, ambaye hakumwonea mama huruma ya kutosha kumwombea uhai, alikwenda kwa mfalme kumwombea mwana, na ombi lake likakubaliwa. Haki inadai kwamba tendo hilo litajwe. Maisha ya mtoto mmoja yaliokolewa na mtu yuleyule aliyeandika kwa kuridhika juu ya kifo cha mama yake.

Siku ya hukumu, Kimpa Vita alionekana akitetemeka, mtoto mikononi. Mapadri walidai kwamba alijaribu kuyakana mafundisho yake hadharani, lakini umati ulifanya ghasia kubwa kiasi kwamba hakuna lililosikika. Yeye na João Barro walitupwa juu ya rundo la kuni na kuchomwa. Asubuhi iliyofuata watu walirudi, wakaichoma tena mifupa iliyosalia hadi ikawa majivu membamba. Hesabu ya kalenda inaonyesha kwamba tarehe 2 Julai ya mwaka huo iliangukia Ijumaa, siku ambayo wafuasi wake walikuwa wamezoea kusikia kwamba amekufa, na kungoja arudi.

Baada ya Majivu

Nao walingoja. Moto wa Evululu haukuizima harakati ya Kimpa Vita. Wafuasi walibaki Mbanza Kongo pamoja na Kibenga, wakishikilia kwamba Antoni hawezi kuchomwa. Mnamo Februari mwaka wa 1709, Pedro wa Nne hatimaye aliteremka. Jeshi lake liliushambulia mji, Kibenga akashindwa na kuuawa, na mfalme akaingia katika mji mkuu wa mababu zake. Alitawala hadi kufariki kwake mwaka wa 1718. Ufalme ulirejea Mbanza Kongo kama alivyotaka Kimpa Vita, ila ulirejea kwa kupita juu ya wafuasi wake. Wengi waliotekwa katika vita hivyo waliuzwa utumwani, wakavushwa bahari kwenda Marekani Kusini na Kaskazini, wakiwa wamebeba vichwani mwao sala ya mwanamke ambaye hawangeweza kulizuru kaburi lake kwa kuwa hakuwa nalo.

Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka wa 1921, katika nchi hiyohiyo ya Wakongo iliyokuwa sasa chini ya Wabelgiji, mhubiri Simon Kimbangu alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa sababu ya kuponya na kutabiri. Alihukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi na ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili, hadi alipofariki mwaka wa 1951 baada ya miaka 30 kifungoni. Wengi wa waliomfuata Kimbangu wamemkumbuka Kimpa Vita kama mtangulizi wake.

Fasihi nayo haikumsahau. Mwandishi wa Kodivaa, Bernard Dadié, alichapisha tamthilia iitwayo Béatrice du Congo mwaka wa 1970, ambamo kisa cha kale kinatumiwa kuwahoji watawala wa Afrika huru. Mwaka mmoja kabla yake, Ebrahim Hussein alikuwa amechapisha Kinjeketile, tamthilia ya Kiswahili kuhusu mtu aliyeingiwa na roho, akawaunganisha watu waliogawanyika, kisha akaona maneno yake yakipita mikononi mwa wengine na kupata maana ambayo hakuikusudia. Kinjikitile wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka wa 1905. Waandishi hao wawili, mmoja wa magharibi na mwingine wa mashariki, walivutwa na swali lilelile: nani humiliki neno la nabii baada ya kutamkwa?

Maisha ya Kimpa Vita hayatoi jibu rahisi. Alikuwa mwamini na tena mwasi. Alihubiri usafi na akapenda. Alitaka amani na akaacha nyuma yake vita. Waliomhukumu walitaka abakie mzushi tu. Baadhi ya waliomtukuza baadaye walitaka abakie shujaa tu. Taarifa zilizosalia, zilizoandikwa kwa kalamu ya maadui zake, zinamwonyesha mtu kamili, pengine bila ya waandishi wake kukusudia: binti aliyeiona nchi yake ikijiuza vipande vipande, akathubutu kusema kwamba Mungu ameiona pia.

Magofu ya kanisa kuu la Mbanza Kongo, ambayo wenyeji huyaita Kulumbimbi, yangali yamesimama kaskazini mwa Angola. Mwaka wa 2017 mji huo uliorodheshwa kuwa sehemu ya urithi wa dunia. Kuta zake hazina paa, kama zilivyokuwa siku ile Kimpa Vita alipoingia na kuwaambia watu kwamba hapa ndipo Bethlehemu.